Mipangilio ya kurithi katika programu: iunganishwe au ibatilishwe?

Taasisi na makampuni mengi husimika programu moja katika matawi mengi. Kila tawi hurithi mipangilio ya makao makuu, kisha huongeza yake. Swali la iwapo maandishi ya tawi yanaungana na yale ya makao makuu, au yanayafuta, huachwa kwa mafundi wa kompyuta. Hata hivyo jibu lake huweza kuamua ni nani anayeingia katika mfumo, mshahara unakatwa kiasi gani, na iwapo mfanyakazi atakaa kivulini saa saba za mchana au atakuwa juani.

Al-Hamra mbili

Al-Hamra ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyekundu. Nchini Saudi Arabia jina hilo limebebwa na mtaa mmoja ulioko mashariki mwa Riyadh na mwingine ulioko Jeddah, ufukweni mwa Bahari ya Shamu. Kati ya miji hiyo miwili pana takriban kilomita 950 za barabara. Wasomaji walioko Oman wataikumbuka Al-Hamra nyingine tena, mji wa kale wa mkoa wa Dakhiliya, chini ya Jabal Shams.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa kampuni ya kupeleka vifurushi yenye tawi katika kila mmoja wa mitaa hiyo miwili ya Saudi Arabia. Madereva, wapakizi na walinzi wake wanatoka Kenya, Uganda, Pakistan na kwingineko. Kampuni ina programu ya kupanga zamu, kutoa ankara na kuhesabu mishahara. Fundi hakuiandika programu hiyo mara mbili. Aliandika faili moja la mipangilio ya msingi kwa kampuni nzima, kisha akaandika faili dogo kwa kila tawi, lenye yale tu yanayotofautiana. Programu inapowashwa huyasoma mafaili hayo kwa mpangilio, la msingi kwanza na la tawi baadaye, na kupata picha moja ya mwisho.

Matabaka yanaweza kuwa mengi zaidi ya mawili: kampuni, nchi, mji, tawi, hata seva moja moja. Faida yake ni dhahiri. Likibadilika jambo la nchi nzima, hubadilishwa mahali pamoja.

Mtego wa kwanza umo katika jina lenyewe. Fundi akiandika katika orodha ya matawi jina “Al-Hamra” mara mbili bila kutaja mji, moja litalimeza jingine. Kanuni za YAML, mtindo wa kuandika mipangilio unaotumiwa sana leo, zinakataza jina lijirudie ndani ya fungu moja. Lakini baadhi ya programu zinazousoma mtindo huo hazitoi onyo lolote. Huchukua la mwisho na kulitupa la kwanza. Vifurushi vya Riyadh vitatafutiwa dereva Jeddah, na hakuna mtu atakayeona neno la kosa kwenye kioo.

Thamani moja haina mgogoro

Palipo na thamani moja tu, jambo ni jepesi. Saudi Arabia ilianza kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani tarehe 1 Januari 2018 kwa kiwango cha asilimia 5. Tarehe 1 Julai 2020 kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 15. Aliyeandika 15 juu ya 5 alikusudia 15, wala hakuna programu itakayojumlisha na kumtoza mteja asilimia 20. Katika namba, neno moja, ndiyo au siyo, tabaka la mwisho ndilo linalosema, na karibu vyombo vyote vya usimikaji vinakubaliana hapo.

Mgogoro huanza kwenye orodha.

Siku za mapumziko

Hadi mwaka 2013 ofisi za serikali ya Saudi Arabia zilipumzika Alhamisi na Ijumaa. Mwezi Juni mwaka huo Mfalme Abdullah alitoa amri ya kuhamishia mapumziko hayo Ijumaa na Jumamosi, na mabenki na masoko ya fedha yakaingia katika utaratibu huo. Oman ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwezi Mei. Sasa, faili la msingi lina orodha ya siku mbili: Alhamisi na Ijumaa. Tabaka jipya linaleta orodha nyingine: Ijumaa na Jumamosi. Programu inayounganisha orodha itatoa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, yaani siku tatu za mapumziko ambazo hakuna mfalme aliyezitoa. Hapa orodha mpya lazima ichukue nafasi ya ile ya zamani, nzima nzima.

Mwezi Januari 2022 ilitolewa amri nyingine ya kifalme, ya kuifanya tarehe 22 Februari kuwa Siku ya Kuasisiwa, kukumbuka mwaka 1727 ambapo Imam Muhammad bin Saud alianza kutawala Diriyah. Siku hiyo iliongezwa kwenye sikukuu zilizokuwapo: Idi mbili, na Siku ya Taifa ya tarehe 23 Septemba. Fundi anayeandika tabaka jipya lenye tarehe hiyo moja, katika programu inayobatilisha orodha, atakuwa amezifuta Idi zote mbili kwa mstari mmoja. Hapa orodha lazima ziungane.

Kwa macho ya kompyuta mambo hayo mawili yana umbo moja, orodha ya siku juu ya orodha ya siku. Tofauti imo katika makusudio ya aliyetoa amri, na makusudio hayo hayaonekani katika maandishi mpaka mtu ayaandike. Kila anayetafuta kanuni moja itakayofaa kwa orodha zote hugota hapo.

Umoja wa Falme za Kiarabu unaongeza utata. Tangu Januari 2022 serikali ya shirikisho hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Sharjah, mmoja wa falme hizo, ikachagua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Anayeunganisha Ijumaa ya Sharjah na siku mbili za shirikisho atapata jibu sahihi. Kwa hiyo njia ile ile iliyotoa upuuzi Riyadh mwaka 2013 inatoa haki Sharjah, na mwenye kuijaribu Sharjah pekee ataondoka akiamini kuwa mfumo wake ni mzima.

Ipo njia ya tatu isiyojulikana na wengi: kuunganisha kwa nafasi. Mfumo wa mipangilio wa .NET, wa kampuni ya Microsoft, huhesabu vipengele vya orodha kwa namba za nafasi zake. Cha kwanza cha tawi hubatilisha cha kwanza cha msingi, cha pili hubatilisha cha pili. Makao makuu yakiwa yameandika Ijumaa na Jumamosi, na tawi likaandika Ijumaa pekee kwa kuwa wapakizi wake hupumzika siku moja, Ijumaa itakaa juu ya Ijumaa, na Jumamosi itabaki palepale kwa sababu hakuna kilichoigusa. Tawi linadhani limepunguza, kumbe halijabadilisha kitu.

Jua la mchana

Kuna fungu jingine la mipangilio lenye hatari kubwa kuliko orodha, nalo ni fungu lenye majina ndani yake. “Saa za kazi” ni mfano mzuri.

Sheria ya kazi ya Saudi Arabia inaweka ukomo wa saa 8 kwa siku au 48 kwa wiki, na katika mwezi wa Ramadhani saa 6 kwa siku au 36 kwa wiki kwa wafanyakazi Waislamu. Juu ya hayo, kila mwaka kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba wizara inayohusika na kazi hupiga marufuku kazi za nje chini ya jua kali kati ya saa sita mchana na saa tisa alasiri. Aliyepita Jeddah mwezi Julai, joto likichanganyika na unyevu wa bahari, hahitaji kuelezwa sababu.

Makao makuu ya kampuni ile ya kubuni yaliandika fungu moja lililoitwa “saa za kazi”, na ndani yake vitu vinne: saa ya kuanza, ukomo wa siku, saa za Ramadhani, na marufuku ya mchana. Meneja wa tawi la Al-Hamra, Jeddah, anataka watu wake waanze mapema, saa kumi na moja alfajiri. Fundi wake anafungua faili la tawi, anaandika “saa za kazi”, na chini yake mstari mmoja tu: kuanza, saa kumi na moja.

Programu inayounganisha hadi ndani itabadilisha saa ya kuanza na kuviacha vitu vitatu vilivyobaki. Programu inayobatilisha kijuujuu itaona jina “saa za kazi” katika faili la tawi, itaondoa fungu zima la makao makuu na kuweka lile lenye mstari mmoja. Ukomo wa siku umekwenda. Saa za Ramadhani zimekwenda, na marufuku ya jua pia. Hakuna aliyeamuru yaondolewe, wala hakuna aliyeandika neno “futa”. Mpakizi kutoka Mbale au Kisumu atapokea kwenye simu yake zamu ya saa saba mchana, na msimamizi ataitetea kwa kuwa “mfumo umepanga”.

Kubatilisha kijuujuu si kosa la uandishi wa programu. Ansible, chombo kilichoanza mwaka 2012 na kinachotumiwa sana kusimika mifumo, hufanya hivyo hasa kwa kawaida yake: fungu la tabaka la juu huchukua nafasi ya fungu zima la chini. Upo mpangilio wa kukigeuza kiunganishe kila mahali, lakini watengenezaji wenyewe hawashauri utumike. Wana hoja. Fundi anayesoma faili lenye fungu zima anajua kilichomo. Anayesoma faili la mstari mmoja katika mfumo unaounganisha lazima ayafungue mafaili matano mengine kujua ukweli. Badala yake Ansible hutoa amri ya kuunganisha mafungu mahali palipotajwa tu, ili msomaji aone kwa macho kuwa hapa pameunganishwa.

Wanasheria walikutana nalo Nairobi

Wanaodhani kuwa jambo hili ni la kompyuta pekee watazame mahakama za Kenya. Katiba ya mwaka 2010 iliorodhesha siku za kitaifa kuwa tatu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Disemba. Moi Day, tarehe 10 Oktoba, haikutajwa. Wakenya wengi, serikali ikiwamo, walichukulia kuwa orodha mpya imeifuta ile ya zamani, na kwa miaka kadhaa watu walikwenda kazini siku hiyo kama kawaida.

Lakini Sheria ya Sikukuu za Umma, iliyokuwa na orodha yake, haikuwa imerekebishwa. Mwezi Novemba 2017 Mahakama Kuu iliamua kuwa tarehe 10 Oktoba ilikuwa bado sikukuu kisheria, na kwamba kutoiadhimisha ni kuivunja sheria hiyo. Kwa lugha ya mafundi, mahakama ilisema orodha ya juu haikubatilisha ile ya chini, kwa kuwa hakuna aliyeandika kuwa inabatilisha. Mwaka 2018 siku hiyo ilirudi kuwa ya mapumziko. Baadaye jina lake lilibadilishwa zaidi ya mara moja, na tangu mwaka 2024 inaitwa Siku ya Mazingira. Tarehe ilibaki, jina likabatilishwa.

Bunge lina muda wa kurekebisha na mahakama ina majaji wa kufasiri. Programu inapowashwa haina hata kimoja. Hufuata desturi iliyowekwa na aliyeitengeneza, awe anaijua Al-Hamra au haijui.

Kila chombo na desturi yake

Desturi hizo hazifanani, na fundi aliyehama kutoka chombo kimoja hadi kingine huingia mtegoni kwa mazoea. Helm, kinachotumika kusimika programu katika Kubernetes, huunganisha mafungu yenye majina lakini hubatilisha orodha nzima. Kubernetes yenyewe ina utaratibu mwingine unaoweza kuunganisha baadhi ya orodha kwa kutazama jina la kila kipengele. Puppet, kupitia sehemu yake iitwayo Hiera, humwachia mwenyewe achague kwa kila mpangilio: chukua cha kwanza kilichopatikana, kusanya bila kurudia, unganisha juu juu, au unganisha hadi ndani.

Docker Compose inastahili kutajwa peke yake kwa sababu inagusa usalama. Thamani moja hubatilishwa, lakini orodha ya milango ya mtandao inayofunguliwa huongezewa. Tuseme faili la msingi linafungua mlango wa hifadhi ya data ili mafundi wa majaribio waufikie. Fundi wa seva halisi anaandika faili lake bila mlango huo, akiamini ameufunga. Mlango unabaki wazi, kwa kuwa katika mfumo wa kuongeza, kunyamaza si kukataa. Kwa muda mrefu njia pekee ya kuepuka hali hiyo ilikuwa kuupanga upya mgawanyo wa mafaili. Alama maalumu za kufuta na kubatilisha orodha zimeongezwa baadaye.

Jinsi ya kufuta kilichorithiwa

Ndiyo maana mfumo wowote unaounganisha unahitaji neno la kuondoa. Kanuni ya kimataifa ya kuunganisha nyaraka za JSON, iliyotolewa mwaka 2014 kwa namba RFC 7396, inasema kuwa thamani tupu, inayoandikwa “null”, maana yake ni kuondoa jina hilo. Helm hufuata desturi hiyo hiyo. Katika systemd, inayosimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux, mipangilio mingi ya orodha husafishwa kwa kuandika jina lake na kuacha upande wa pili mtupu, kisha mstari unaofuata huanza upya. Njia hizi zina gharama: penye kanuni ya RFC 7396, huwezi kurithisha “null” kama thamani halali, kwa kuwa neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine.

Upande wa pili ni kufunga. Yapo mambo ambayo tawi halipaswi kuyagusa hata likitaka. Waswahili wanaoijua mirathi ya Kiislamu wana mfano mkononi: mtu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake, lakini mafungu ya warithi yaliyowekwa hawezi kuyabatilisha kwa wasia. Hadoop, mfumo wa kuchakata data nyingi, ina kitu cha namna hiyo. Mpangilio ukitiwa alama ya kuwa wa mwisho, tabaka linalofuata haliwezi kuubadilisha. Marufuku ya jua la mchana yanastahili kufuli kama hilo. Saa ya kuanza kazi haistahili, maana Jeddah na Riyadh kila mmoja una magharibi yake na alfajiri yake. Mwenye kufunga kila kitu atawalazimisha wa matawini waibe njia ya mlango wa nyuma, na mfumo wa namna hiyo ni mgumu zaidi kuukagua.

Kuna wanaopendekeza kuacha urithi kabisa na kuliandikia kila tawi faili kamili. Kwa kampuni yenye matawi mawili pendekezo hilo si baya hata kidogo. Penye matawi arobaini, siku kiwango cha kodi kitakapobadilika, kuna atakayesahau la thelathini na saba.

Kutazama picha ya mwisho

Kosa linalorudiwa ni kukagua mafaili na kuacha kukagua matokeo yake. Fundi husoma la msingi, husoma la tawi, na kuyaunganisha kichwani mwake kwa kanuni anayoidhani. Karibu kila chombo kina amri ya kuonyesha kile ambacho programu itakiona hasa: Docker Compose ina “docker compose config”, Helm ina “helm template”, na Git, inayotunza matoleo ya programu, huweza kuonyesha kila mpangilio pamoja na faili ulikotoka kwa “git config --list --show-origin”. Puppet ina amri inayoeleza hatua kwa hatua ni tabaka gani lilishinda na kwa nini. Taarifa ya mahali thamani ilikotoka ndiyo yenye manufaa zaidi, kwani namba peke yake haisemi nani aliiweka.

Ukaguzi wa mwisho huweza kuandikwa uwe wa kujiendesha kabla ya kila usimikaji, na hauhitaji ujuzi mkubwa. Kwa kampuni ile ya mfano ungekuwa na maswali machache yanayoulizwa kwa kila tawi, Al-Hamra ya Riyadh na Al-Hamra ya Jeddah, kila moja likitajwa pamoja na mji wake. Je, tarehe 1 Julai saa saba mchana mpakizi anaweza kupangiwa kazi ya nje? Je, Idi zote mbili zimo katika orodha pamoja na tarehe 22 Februari? Je, Alhamisi ni siku ya kazi? Ankara ya riali 100 inatozwa kodi ya riali 15? Jibu lolote likienda kinyume, programu mpya haisimikwi, na jina la faili lililoleta thamani hiyo huandikwa kwenye ripoti pamoja na mstari wake.